Hela ya kisima na nauli ya bodaboda

Tulipokuwa tunachangia kisima mtaani, mama mhazini alisoma daftari: kitabu cha risiti, vocha, makato ya M-Pesa, bodaboda mara tatu kumfuata fundi. Mzee mmoja akamkatiza, “Hela ya kisima nayo inapanda bodaboda?” Watu wakacheka. Mwezi uliofuata daftari lilisomwa bila bodaboda na kila mtu akaridhika.

Watu hupenda kuambiwa kwamba mchango umfikie mlengwa wote, hadi senti ya mwisho. Lakini mchango haujipeleki. Hata Qur’ani, Sura At-Tawba aya ya 60, ikitaja makundi 8 ya kupewa zaka, baada tu ya mafakiri na masikini inawataja wanaoitumikia, yaani wanaoikusanya na kuigawa, kabla ya wenye madeni na msafiri. Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ndio Waislamu wengi wa pwani yetu, wakaweka na mpaka: mafungu ni manane, basi la watumishi ni 1/8, asilimia 12.5. Tena mtumishi apewe ujira wa kazi yake tu. Fungu likizidi ujira huo, ziada irudi kwa mafungu mengine.

Ofisi, basi, ina haki yake. Mshahara wa bosi ndio unaonitatiza. IRC (International Rescue Committee), shirika la misaada la New York ambalo limekuwa likiendesha hospitali katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, miaka ya karibuni limemlipa mkuu wake David Miliband, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Uingereza, zaidi ya dola 900,000 kwa mwaka. Wanaomtetea husema bajeti ya dola bilioni moja au zaidi haikabidhiwi mtu wa kuokoteza. Sawa. Kwenye bajeti hiyo mshahara wake ni chembe, mpaka wa 1/8 hauugusi hata kidogo. Ndiyo maana asilimia za gharama za ofisi ambazo mashirika hutuonyesha hazinitoshi. Swali liko kwenye sharti lile la pili, ujira wa kazi: kwa bei ya New York au ya Lodwar, huko Turkana iliko Kakuma?

Shirika la charity: water, lililoanzishwa 2006, lina njia yake: michango ya umma yote huenda kwenye maji, ofisi ikilipiwa na matajiri wachache waliokubali. Sina ubaya nao. Ila mishahara iko palepale, kilichobadilika ni mfuko.

Kwetu mfuko wa pili ulikuwa wa mama mhazini. Alilipa nauli mwenyewe miezi miwili, wa tatu akarudisha daftari.