Nililia Msibani Mpaka Nikapewa Baba

Fundi weldingi wa mtaani kwetu Chikongola, hapa Mtwara, ana kofia moja tu ya kuchomelea, tena kioo chake kina ufa kakibandika selotepu. Sasa siku nimempelekea kazi ya geti, msaidizi wake hayupo, kaenda kwao Tandahimba kupulizia salfa mikorosho ya baba yake. Fundi akaniambia bosi, kama geti unalitaka leo njoo unishikie hapa, kama hulitaki leo rudi wiki ijayo. Na hela nilishampa nusu, na fundi aliyeshapewa nusu mnamjua.

Nikamuuliza, na macho yangu je? Akachomoa miwani ya jua aliyoining'iniza kwenye kola ya fulana, "Vaa hii, nyeusi tii, hata jua lenyewe halipiti." Miwani ya elfu tatu ya pale sokoni. Nikaivaa, nikajiangalia kwenye kioo cha bodaboda iliyopaki pale, aisee nikajiona kama mlinzi wa waziri.

Tukaanza. Mi nashika skwea paipu, yeye anapiga doti, cheche zinaruka, mi kazi yangu ni kukwepa cheche tu maana akili yote ilishaamua kwamba adui ni cheche. Nikichoka kuangalia nageuza uso upande wa pili, na upande wa pili kaegemeza mabati mapya ya mteja mwingine, yanang'aa hayo, kwa hiyo mwanga nikiukimbia huku unanisubiri kule. Na ile miwani pembeni iko wazi kabisa, mwanga unaingia kama mtu anaingia kwake. Alasiri geti limesimama, limepinda kidogo lakini limesimama, na mi macho yangu mazima, sijasikia hata mwasho. Nikamrudishia miwani na ahsante juu.

Sasa huu ugonjwa wa macho wa weldingi una ujanja wake, haukupigi hapo hapo kwa fundi ukajua kimekupata nini. Unakuacha ukaoge, ule, uvae vizuri, uende zako kwa watu, ndo baada ya kama saa sita mpaka kumi na mbili unakuja kudai chako.

Na mi jioni ile nilikuwa na msiba. Supavaiza wetu pale tunapopakia magunia ya korosho alifiwa na baba yake, mzee wa Mikindani, kazikwa alasiri ya siku ile. Yule mzee mi simjui, yani hata nikionyeshwa picha yake katikati ya picha za wazee wengine watatu simtoi. Lakini supavaiza ni supavaiza, usipoonekana kwenye msiba wake atakukumbuka siku ya kupanga zamu. Mpango wangu ulikuwa niende baada ya isha, nitoe mkono wa pole, nile wali, nisepe.

Nikapanda boda mpaka Mikindani, upepo wa bahari unanipiga usoni. Nafika, nimekaa kwenye mkeka na wanaume wenzangu chini ya turubai, nashika kikombe cha kahawa, nikasikia kama kuna mchanga kwenye jicho la kulia. Nikalisugua. Mchanga ukahamia na la kushoto. Nikayasugua yote mawili, hapo ndo nikayaharibu kabisa, ikawa kama nimepakwa pilipili, machozi yakaanza kutoka yenyewe bila kuulizwa, na ile taa ya balbu iliyofungwa kwenye nguzo kila nikiitazama naona mtu ananichoma sindano. Nikainamisha kichwa, nikajifunika uso na mikono, mabega yanatetemeka kwa maumivu, kamasi nazo hizo.

Mzee aliyekaa pembeni yangu akanishika bega. "Jikaze mwanangu. Sote njia yetu ni moja."

Nikataka kumwambia mzee mi silii, nilikuwa kwa fundi weldingi. Lakini hebu jaribu kuisema hiyo sentensi msibani huku unalia. Nikasema tu "macho, mzee, macho," akageukia wenzake akasema anasema macho yake hayaamini. Wenzake wakatikisa vichwa. Mmoja akasema huyu kijana ana uchungu kuliko hata wafiwa wenyewe, na kweli ukiangalia supavaiza alikuwa kakaa pale mkavu kabisa anahesabu daftari la rambirambi.

Yangeishia hapo isingekuwa mtani. Wa kusini mnaelewa, msiba wetu bila watani haujakamilika, na huyu mtani alikuwa kavaa kanzu ya marehemu na kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anazunguka kudai madeni ya marehemu. Akafika kwangu. Akasimama, akanitazama ninavyobubujika, akapiga ukelele, "Jamaniii, mwanangu wa Kitangari kumbe umekuja! Mama yako hajambo?"

Watu wakaangua kicheko, hata mi ningecheka kama uso ungekubali. Tatizo ni kwamba miaka ya nyuma marehemu alikuwa akifanya kangomba huko Newala, iliko Kitangari, ananunua korosho kwa wakulima kwa kibaba, anakaa huko msimu mzima, na maneno ya kwamba alioa mke wa siri huko yalikuwepo. Tatizo la pili, mtu mmoja pale tunafanya naye kazi akaropoka, "Huyu si kweli kwao ni Kitangari?"

Kicheko kikakata.

Akaitwa bibi mmoja, dada yake marehemu. Akaja na tochi. Jamani, tochi! Kwa macho yale! Nikamwambia shikamoo bibi, akasema marahaba inua uso, nikainua, akanimulika, nikapiga yowe. Akasema, "Hata kakangu alikuwa hivi hivi, hapendi kumulikwa." Akanishika pua, akaigeuza kushoto na kulia kama anachagua nazi. "Pua ndo hii."

Nikasema bibi, mi nimechomwa na weldingi. Akasema maskini, ameanza kuweweseka.

Basi nikawa mfiwa. Nikahamishwa kutoka kwenye mkeka wa wageni nikawekwa kwenye godoro la ndugu. Kila mtu akaja na dawa yake, huyu majani ya chai yaliyotumika, yule kiazi mbatata kimekatwa vipande nibandike, mwingine akaniletea maziwa ya mama mzazi kwenye kikombe cha kahawa, wakanitia, nikawa sasa nalia maziwa. Usiku mzima sikulala, na kila nikigeuka kwa maumivu nasikia akina mama ndani wanasema mwacheni alie, hakumfaidi baba yake.

Asubuhi supavaiza mwenyewe akanishika mkono kama kipofu akanipeleka hospitali. Daktari wa macho, dada mdogo tu, hata hakunigusa. "Jana ulikuwa kwa mchomeleaji?" Nilitamani nimkumbatie, mtu wa kwanza kunielewa tangu jana yake. Akanitia tone la ganzi, wallah ile dunia ikatulia, maumivu yote kimya, nikamwambia dokta hii chupa nauziwa shilingi ngapi. Akacheka akasema hii haiendi nyumbani, ukiitumia tumia kidonda hakifungi, na usiposikia maumivu utalisugua jicho mpaka uliharibu. Halafu akaweka rangi ya chungwa, akamulika na taa ya bluu, akaona vidoti vidoti. Akasema kile kioo cha mbele cha jicho kimeungua kama ngozi inavyoungua na jua, kwamba kinachounguza siyo cheche, ni miale ambayo jicho halioni, hata wazungu wanaotembea kwenye theluji bila miwani yanawapata haya haya. Nikamtajia miwani ya fundi. Akauliza ilikuwa namba ngapi, nikasema elfu tatu. Akasema namba ya kioo, kaka, weldingi ya rodi inataka kioo kuanzia namba 10 hivi, kwenye kofia inayofunika uso wote, hiyo ya kwako ni ya kwendea ufukweni. Maziwa akayafoka kabisa, kwamba yanapeleka wadudu kwenye kidonda. Akanipa dawa ya kupaka na vidonge vya maumivu, akasema siku mbili tatu yatakuwa sawa. Na kweli yakapona.

Supavaiza alikuwepo muda wote, kayasikia yote. Tukiwa tunatoka nikamwambia si umeona sasa, ilikuwa weldingi. Akanipiga piga mgongoni akasema, "Sawa mdogo wangu, kila mtu na namna yake ya kuficha uchungu."

Nikampigia mama Kitangari nimhadithie tucheke. Akacheka sana. Halafu akaacha kucheka, akauliza, "Kwani yule mzee kaacha mikorosho mingapi?"

Nikasema mama! Akasema nauliza tu.

Sasa hivi kazini naitwa mdogo wangu lakini magunia ni yale yale. Wiki iliyopita wameniunga kwenye grupu la Wasapu, WATOTO WA MAREHEMU, la kupanga arobaini, jina langu liko chini kabisa kwenye orodha, elfu hamsini, na mwisho wa kutoa ni Ijumaa. Nikaandika, samahani ndugu zangu, na kuhusu lile shamba la mikorosho tunakaa lini? Tiki zimegeuka bluu zote. Aliyejibu ni mtani tu, kaweka namba yake ya kutumia mchango.