Delivari ya Bomu na Fuvu

Printa ya zamani pale ghalani kwetu Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilikuwa ya pini, ile inayolia kama cherehani yenye hasira. Ilipokufa, Haji mwenye ghala akaagiza nyingine kutoka Kampala: ya leza, nyeupe, kimya kama paka. "Mwanangu, si wewe ndiye fundi? Ifunge upesi, malori yasilale hapa." Ufundi wangu ni wa kuzima na kuwasha, lakini hilo mtu hamwambii Haji.

Nikaifunga. Delivari ya kwanza, yaani karatasi ya mzigo anayopewa dereva, ikatoka na herufi kubwa kama za kitabu cha chekechea, safu ya idadi imekatwa ukingoni. Magunia 400 ya mahindi yakasomeka 40. Dereva, mzee mmoja wa Mombasa, akaitazama karatasi, akalitazama lori lake, akaniuliza, "Kijana, haya mengine 360 nimeyaiba lini?"

Kumbe zile herufi nyembamba za zamani, 17 ndani ya inchi moja, hazikuwa za kompyuta hata kidogo. Zilikuwa zinaishi ndani ya printa yenyewe, na draiva yake, ile programu ndogo ya kuiunganisha na kompyuta, ndiyo iliyokuwa ikiipa programu ya mauzo majina yao. Mimi kwa usafi wangu niliifuta draiva ya marehemu, nazo zikazikwa naye. Programu, kwa kukosa, ikashika Courier, fonti (aina ya maandishi) ya herufi 10 kwa inchi. Ni kama kupakia abiria 17 kwenye viti 10: kuna atakayening'inia mlangoni, na aliyening'inia ni ile sifuri.

Nikafungua fomu, nikakuta kisanduku cha fonti kitupu. Nikachagua Courier New, nikaipunguza. Mkono wa pili ulikuwa na rolex, ile chapati ya kuviringishwa, ya mayai mawili, kwa hiyo nikazungusha gurudumu la mausi kwa kidole kimoja nishuke chini ya ukurasa. Ukurasa haukushuka. Kilichokuwa kinashuka ni majina ya fonti, moja baada ya jingine, mpaka Wingdings. Sikuona. Nikahifadhi, nikachapa, nikagonga muhuri, dereva akaondoka.

Nusu saa haikuisha, simu ikalia. "Wewe ndiye umeandika hii karatasi? Njoo getini."

Nikarukia boda. Nakuta utingo amesimama ng'ambo ya barabara, mbali kabisa na lori, na mzee anaapa kwamba yeye ni mtu wa dini, mganga hamjui. Karatasi iko mezani, doa la mafuta ya rolex pembeni. Palipotakiwa kuwa MAHINDI pana bomu lenye utambi, vidole viwili, kidole kinachoelekeza chini, kiganja, fuvu na mifupa, dole gumba limepinduliwa, halafu kiganja tena.

"Bomu," afande wa getini akauliza taratibu, "liko gunia la ngapi?"

Nikaomba kalamu. Nikamchorea jinsi Wingdings inavyoweka picha badala ya kila herufi: M ni bomu, A ni vidole, N ni fuvu. Hakucheka. Akasema, "Jina langu linakuwaje?" Linaanza na J, na J, Mungu ni mwema, ni uso unaocheka. Bila hiyo J sijui ningelala wapi.

Nilirudi nikaweka Courier New ya saizi 7, ambayo inatoa herufi 17 kwa inchi kama zamani, na safari hii nilibofya nje ya kisanduku kabla ya kugusa gurudumu. Sifuri ikarudi. Haji akafunua kaboni kutafuta nakala zake mbili: peupe. Leza haigongi, inapaka tu. Sasa tunachapa mara tatu na Haji ananihesabia karatasi.

Wiki iliyofuata yule mzee akaja kupakia tena. Akainama dirishani, sauti chini.

"Kijana, ile ya fuvu niliibandika ndani ya kabini. Utingo hajadokoa hata kilo moja mpaka Nairobi. Nichapie nyingine, hii imeanza kuchanika."