Ni sheria ipi, karatasi ipi, haki ipi?

Aprili 16, 2025, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipotoa hukumu kuhusu maana ya "mwanamke" kisheria, simu yangu haikutulia. Kundi la WhatsApp la ukoo lilijaa pongezi: Wazungu wamerudiwa na akili, wamepiga marufuku watu waliobadili jinsia! Hapa Glasgow, katika makao ya wazee ninakofanya kazi, mwenzangu mmoja alikuwa jikoni analia, akisema kuanzia siku ile yeye si mtu tena mbele ya sheria. Pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia hukumu ambayo haikutolewa.

Kesi yenyewe ilitokana na sheria ya Uskoti ya 2018 ya kuongeza wanawake kwenye bodi za mashirika ya umma. Swali lililowafikia majaji watano lilikuwa jembamba: katika Sheria ya Usawa ya 2010, je, mtu aliyezaliwa mwanamume, kisha akapata cheti cha kutambuliwa jinsia, anahesabiwa mwanamke? Walijibu kwa kauli moja kwamba hapana. Katika sheria hiyo mwanamke ni wa kuzaliwa. Lakini sheria ya 2004 inayotoa cheti haikufutwa. Kumfukuza mtu kazini kwa kuwa amebadili jinsia bado ni kosa, tena kwa sheria hiyohiyo ya 2010. Lord Hodge, aliyesoma muhtasari, alionya hukumu isichukuliwe kuwa ushindi wa kundi moja dhidi ya jingine.

Sisemi hukumu ile haiumi. Vyoo, wodi, vyumba vya kubadilishia nguo, vyote vimeguswa, na mwenzangu ana sababu ya kuogopa. Ndiyo maana alistahili kuambiwa barabara ni nini kimeondoka na ni nini amebaki nacho.

Kwetu Kenya hatuna sheria inayosema aliyebadili jinsia afanyeje na vitambulisho vyake. Hata hivyo, kesi ninayoiheshimu kuliko zote katika jambo hili ni ya Nairobi. Audrey Mbugua, aliyebadili jinsia, alilishtaki Baraza la Mitihani, akitaka jina libadilishwe kwenye cheti chake cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na herufi ya jinsia iondolewe. Hakuiomba mahakama imtangaze mwanamke. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir alimkubalia: alama za mtihani hazitolewi kwa jinsia ya mtahiniwa, basi cheti hakipungukiwi na kitu bila ile herufi. Ombi lilikuwa wazi, na jibu likawa wazi. Sijasikia mjadala wa runinga huku ukifika hapo.

Tunakoharibu ni nje ya mahakama. Redioni na mimbarani, huntha, aliyebadili jinsia na shoga wote wanatiwa kapu moja. Huntha amezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume kamili wala ya kike kamili. Sensa ya 2019 iliwahesabu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaja mtoto huntha na kumlinda. Mama aliyejifungua mtoto kama huyo akisikia anatajwa pamoja na "laana ya Wazungu", atamficha, na mtoto atakua bila cheti cha kuzaliwa huku sheria ya kumsaidia ipo.

Mjomba ameniuliza kundini kama sasa natetea uchafu. Nimemjibu, shikamoo mjomba, tuzungumze jambo mojamoja. Michezo ya wanawake, magereza, wodi: hayo yana hoja nzito, na huenda kwa baadhi tukakubaliana. Ila ameandika pia kwamba hao "si watu wa kupewa haki". Hapo nimemtumia vifungu viwili vya Katiba yetu ya 2010. Cha 260 kinasema hata kampuni ni mtu. Cha 28 kinasema kila mtu ana utu wake na haki ya utu huo kuheshimiwa na kulindwa. Nimemwomba anionyeshe ni wapi mwenzangu ametolewa humo.