Faili Halionekani

Nina kistesheneri changu Mtwara mjini, hatua chache tu kutoka soko kuu. Mali yangu ni kompyuta moja, printa moja, mashine ya kopi inayokohoa kama mvuta sigara, na kiti cha plastiki cha wateja ambacho mguu wake mmoja tumeufunga kwa waya. Oktoba ikifika huwa nacheka peke yangu. Minada ya korosho inaanza, vyama vya msingi vinachapisha orodha za wakulima, na kila mkulima anataka kopi ya kitambulisho na kopi ya kadi ya benki.

Basi Oktoba hiyo akaingia karani wa chama kimoja cha msingi, anahema, flashi mkononi. Nikaichomeka. Folda zote zilikuwa na kale kamshale kadogo pembeni. Wenye stesheneri wanakajua kamshale hako: folda si folda tena, ni shotikati, yaani njia ya mkato tu. Kirusi kimezificha folda halisi, kikasimamisha za bandia mlangoni, na ukibofya moja tu umekiamsha chenyewe. Hayo yote nayajua. Nikabofya. Karani alikuwa na haraka, jamani.

Antivairasi ikapiga kelele, ikakikamata kirusi, ikakifuta. Mimi nikaandika ile amri ya attrib kwenye kidirisha cheusi, folda za karani zikarudi moja baada ya nyingine, yeye anashangilia. Nikamtoza elfu mbili ya matibabu. Usiku nililala kama daktari bingwa.

Asubuhi nawasha kompyuta, kabla hata printa haijaamka, kinatokea kisanduku katikati ya skrini: faili fulani la skripti, yaani la maagizo ya kompyuta, halipatikani. Jina lenyewe la hilo faili lilikuwa herufi za ovyo, kama mtu amepigia chafya kibodi. Nikabofya sawa, kikaondoka. Umeme ukakatika, ukarudi, nikawasha, kikarudi nacho. Na wiki ile umeme ulikuwa na safari zake, kwa hiyo kwa siku tulionana mara nne au tano.

Mara mojawapo alikuwa amekaa kwenye kiti cha waya mzee mmoja wa Nanguruwe. Jana yake nilikuwa nimemchapia barua ya kwenda baraza la kata. Jirani yake kahamisha mpaka, mikorosho mitatu imelala upande wa pili. Alikuja kuichukua.

"Shikamoo, babu. Subiri iwake."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Ikawaka. Kisanduku hicho. Mzee akanyoosha shingo.

"Hapo pameandikwaje?"

Nami, bila kufikiri, nikamtafsiria kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Inasema faili halionekani."

Hapo ndipo nilipojichimbia. Maana nani katika nchi hii hajui lugha hiyo? Ukiambiwa na mtu aliyekaa nyuma ya meza kwamba faili halionekani, huulizi limekwenda wapi. Unajipapasa mfukoni.

Mzee akanyamaza. Akatazama mlangoni. Akasogeza kiti.

"Halionekani."

"Ndiyo, babu, lakini si la kwako, hili ni la..."

"Nimekuelewa, mjukuu wangu. Mimi si mtoto."

Akatoka. Baada ya robo saa akarudi na mfuko wa korosho zilizobanguliwa, nyeupe, nzima nzima, kama kilo hivi. Akauingiza chini ya meza yangu kwa kuusukuma na kandambili, macho yakiwa ukutani kana kwamba mguu si wake.

"Litafute taratibu. Sina haraka."

"Babu, haki ya Mungu, barua yako ipo! Hii hapa!"

Nikafungua, nikachapa, nikampa ikiwa bado ya moto. Akaisoma. Akatabasamu tabasamu la mtu aliyeishi miaka mingi.

"Umeona? Si limeonekana?"

Nikamrudishia mfuko, akakasirika kweli kweli, akaniuliza kama kwetu tunarudishiwa vyakula. Akaenda zake. Korosho nilizila, siwezi kudanganya, lakini kwa huzuni.

Kesho yake wakaja wawili kutoka huko huko Nanguruwe. Mmoja kabeba mabibo kwenye ndoo. Mwingine kabeba kuku, kuku hai, kwa ajili ya kopi nne za kitambulisho. Nikaona hapa sasa nitafungwa kwa kosa la kompyuta.

Nikaamua kulitafuta hilo faili. Nikaweka bando, nikaandika lile jina la chafya kwenye intaneti, nikapata tovuti inayodai kugawa mafaili yaliyopotea, ina kitufe cha kijani kikubwa kama mlango wa gereji. Nikabofya. Kompyuta ikaingiza kivinjari kingine nisichokijua pamoja na programu ya kusafisha iliyohesabu makosa 1,312 na kuomba dola za Marekani 29.95 iyaondoe. Nikazifuta zote mbili kwa hasira. Nikawasha upya. Visanduku viwili.

Jirani yangu kibarazani ni dada anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Alikuja kunichungulia, maana alinisikia nikizungumza na kompyuta kwa maneno yasiyofaa. Nikamweleza kilio changu chote. Akamenya mng'oko mmoja, akautafuna, akauliza:

"Kaka, hilo faili kabla halijapotea lilikuwa linafanya kazi gani?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Lilikuwa ni kirusi. Antivairasi ilikuwa imelifuta faili lenyewe, lakini ile amri ya "kompyuta ikiamka, mwite fulani" ilibaki kwenye rejista, daftari la maagizo la Windows. Kila asubuhi Windows inamwita fulani kwa utiifu, fulani haitiki, inakuja kunishtakia. Na mimi niliyemfukuza mwizi, siku tatu nilikuwa nazunguka mtaani kumtafuta, tena kwa bando langu, ili nimrudishe chumbani.

Ajabu ni kwamba nilikuwa nimeshalichungulia jibu. Siku ya kwanza nilifungua orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta, pale kwenye kidhibiti kazi, nikaona mstari umeandikwa Microsoft Windows Based Script Host. Nilipoona jina la Microsoft nikarudi nyuma kwa heshima. Kumbe huyo ni mpishi tu wa skripti, ni wa halali kabisa, anapika chochote anacholetewa. Sumu ilikuwa kwenye hilo faili alilotumwa kulipika.

Safari hii nikapakua Autoruns kutoka kwa Microsoft wenyewe, ni ya bure. Inakupangia kila kinachojiamsha, na yale yanayoita faili ambalo halipo inayapaka njano. Nikakuta mistari miwili ya njano, mmoja wa kirusi cha karani, mwingine wa kile kitufe cha kijani. Nikaifuta. Kazi ya siku tatu ikaisha kabla dada hajamaliza mng'oko wa pili. Nikawasha upya mara tano kwa raha tu.

Asubuhi iliyofuata kompyuta imeamka kimya, safi, nami nimekaa wima kama afisa. Akaingia mwanamume wa makamo nisiyemjua. Hakusalimia kwa sauti. Akakaa kwenye kiti cha waya, akatua sado nzima ya korosho miguuni, akaanza kuisogeza chini ya meza kwa kandambili.

"Ndugu yangu," nikamwahi, "hapa hakuna faili lililopotea. Yote yanaonekana. Tazama mwenyewe."

"Ndiyo nimesikia," akasema, akainama karibu. "Ila mimi langu ni kinyume. Kuna barua ya mzee mmoja wa Nanguruwe, habari za mikorosho mitatu. Hiyo nataka isionekane."