Nyasi Hazihitaji Maji Kila Siku

Mtu akifungiwa mtambo wa kumwagilia unaojiendesha, mara nyingi huutega ufunguke kila siku kwa dakika kumi, kisha hauangalii tena. Naipinga ratiba hiyo kwa nguvu zangu zote. Inaonekana ya upole, lakini inazilea nyasi vibaya.

Maji ya dakika kumi hulowesha sentimita chache za juu tu. Jua likipanda, sehemu kubwa inarudi hewani. Mizizi nayo hufuata maji yalipo: yakibaki juu, nayo inabaki juu, na wiki ya joto kali ikija nyasi zinanyauka kwa siku mbili tu. Ukimwagilia kwa nadra lakini kwa wingi, unyevu unashuka sentimita kumi na tano hivi, na mizizi inaufuata huko chini ambako jua halifiki upesi.

Kipimo kinachotumika sana kwa majira ya joto ni milimita 25 kwa wiki, mvua ikiwemo. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo uwanja wa mita za mraba 100 unakunywa lita 2,500 kwa wiki. Ni maji mengi, na ndiyo sababu sikubaliani na ratiba ya kukisia.

Basi pima. Tandaza mikebe mitupu iliyonyooka kingo sehemu mbalimbali za uwanja, fungua maji kwa dakika 15, kisha chovya rula katika kila mkebe. Tuseme wastani ni milimita 5: mtambo wako unatoa milimita 20 kwa saa. Ukitaka milimita 12 kwa mara moja, unahitaji dakika 36, mara mbili kwa wiki. Jumla yake ni dakika 72. Yule wa dakika kumi kila siku anatumia dakika 70. Maji ni yaleyale, na bili ni ileile, ila mmoja anakuza mizizi na mwingine analisha jua. Mikebe itakuonyesha pia kona isiyofikiwa, na hapo dawa ni kurekebisha kichwa cha kinyunyizio. Ukiongeza dakika kwa sababu ya kona moja, utaugharikisha uwanja mzima.

Pima kila mkondo, yaani kila kundi la vichwa vinavyofunguliwa pamoja, peke yake. Vichwa vinavyorusha maji bila kuzunguka hutoa maji kwa kasi mara kadhaa kuliko vile vinavyozunguka taratibu, kwa hiyo kuvipa dakika sawa ni kosa, na kuviweka kwenye vali moja ni kosa kubwa zaidi. Kivulini nako punguza.

Udongo una neno lake. Wa mfinyanzi hunywa polepole; ukiupa dakika 36 mfululizo utaona maji yanatiririka barabarani, jambo linaloniuma kila nilionapo. Zigawe: dakika 12, pumzisha nusu saa au zaidi, 12 tena, pumzisha, kisha 12 za mwisho. Kichanga kinapitisha upesi na hakihifadhi, hivyo chenyewe kigawie kiasi kilekile cha wiki kwa mara tatu.

Saa nzuri ni alfajiri, mtambo umalize karibu na jua kuchomoza. Upepo umetulia, na majani yatakauka mapema. Mchana unapoteza maji. Usiku majani yanalala yamelowa, na magonjwa ya ukungu yanapenda hivyo.

Kuna mtego ndani ya kisanduku cha kutegea saa za mtambo. Katika visanduku vingi, saa ya kuanza ni ya programu nzima, si ya mkondo mmoja: ukiweka saa 10 alfajiri, mikondo yote inafuatana yenyewe. Mtu asiyejua huweka nyakati nne tofauti za kuanza kwa mikondo yake minne, na kila mkondo unamwagiliwa mara nne. Ukiona bili imepanda ghafla, kagua hapo kabla ya kutafuta bomba lililopasuka.

Kisha ibadilishe ratiba majira yanapobadilika. Visanduku vingi vina kitufe cha asilimia kinachopunguza au kuongeza dakika zote kwa pamoja. Kutoka 100 hadi 50 hali ya hewa ikipoa ni kazi ya sekunde chache. Kihisi cha mvua nacho kifungwe kwenye mtambo, maana kumwagilia mvua ikinyesha hakuna utetezi. Na kabla ya kuongeza chochote, tembea juu ya nyasi: ulizozikanyaga zikibaki zimelala badala ya kuinuka, zina kiu kweli. Zikiinuka, subiri.

Ukoka uliopandwa majuzi tu ndio ninaoukubalia maji kidogo kidogo kila siku, hata mara mbili au tatu, kwa kuwa hauna mizizi ya kwenda popote. Wiki chache baadaye, jaribu kuuvuta taratibu kwa mkono. Ukiwa umeshika ardhi, anza kupunguza siku na kuongeza dakika.