Aliyechoma Stoo si Aliyelipua Ubalozi

Agosti 7, 1998, asubuhi, madirisha ya Kinondoni yalitikisika. Ubalozi wa Marekani ulikuwa umelipuliwa. Watu 11 walikufa, na wangekuwa wengi zaidi kama boza la maji lililokuwa getini lisingekinga sehemu ya mlipuko. Kwetu Dar, neno ugaidi lina sura hiyo.

Oktoba mwaka huohuo, huko Vail, Colorado, kundi la Earth Liberation Front liliteketeza majengo ya kituo cha michezo ya theluji likidai linatetea makazi ya wanyamapori. Hasara ilifika dola milioni 12, hakuna aliyeumia. Hao nao wakaitwa magaidi. Mwaka 2021 Jessica Reznicek, mwanaharakati wa mazingira aliyechoma mitambo na kutoboa bomba la mafuta huko Iowa, alifungwa miaka 8 baada ya jaji kuihesabu kesi yake kuwa ya ugaidi. Hapo pia hakuna aliyejeruhiwa.

Wanaounga mkono uchomaji wa aina hii kuitwa ugaidi wana hoja nzito. Moto hauchagui. Tuseme kijana wa hapa kwetu, mwenye uchungu na mikoko inayofyekwa, anamwagia petroli stoo ya mkandarasi usiku. Amejuaje kwamba mlinzi hayumo? Kila aliyewahi kupita saiti usiku anajua mlinzi analala wapi: juu ya maboksi, katikati ya mifuko ya saruji, mlango ameurudishia kwa ajili ya mbu. Tena mchomaji anataka serikali ibadili uamuzi kwa kuogopa, na hilo ndilo sheria za ugaidi zinalolitazama.

Hata hivyo, siafiki. Kuchoma jengo kwa makusudi tayari kunaweza kumpeleka mtu jela maisha, kwa kifungu cha 319 cha Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo hapa Tanzania kuuita ugaidi hakuongezi ukali wa hukumu. Kunachoongeza ni kunyimwa dhamana kabla hujahukumiwa. Freeman Mbowe alikaa mahabusu zaidi ya miezi 7 kwa mashtaka ya ugaidi, yakafutwa Machi 2022. Huyo wakati ule alikuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani, CHADEMA, mwenye mawakili na kamera mlangoni. Mkulima wa Tanga atakayegombana na watu wa bomba la mafuta la Chongoleani, nani atamhesabia miezi?

Na yule mlinzi simsahau. Akifia ndani ya stoo ile, hiyo ni kesi ya mauaji, na adhabu yake nchini ni kunyongwa.