Makaa ya mawe machanga yana kazi bora kuliko kuchomwa

Asidi ya humiki ni mchanganyiko wa viambata vya kaboni unaotiwa udongoni kusaidia mimea. Wanaopinga kuitengeneza kutokana na makaa ya mawe machanga (lignaiti, makaa ya kahawia yasiyokomaa) husema ni mbinu ya kuirefushia maisha migodi. Hofu yao inaeleweka. Katika bonde la Latrobe, Australia, kituo cha umeme cha Hazelwood kilifungwa Machi 2017, na makaa bado yamejaa ardhini. Ila wanayapima makaa kwa kipimo cha tanuri tu.

Makaa ya Latrobe yana maji takriban asilimia 60, na oksijeni tele. Tanurini hizo ni kasoro, maana joto jingi huishia kukausha maji. Kwa mkemia, oksijeni hiyo ni kazi iliyokwisha kuanza. Akiyatia asidi ya nitriki au haidrojeni peroksaidi, molekuli kubwa hukatika na vikundi vya kaboksili (sehemu za molekuli zenye kaboni, oksijeni na haidrojeni) huongezeka. Hivyo ndivyo vinavyoshika madini, na ndivyo vinavyoifanya asidi ya humiki iyeyuke kwenye potasiamu haidroksaidi. Huko North Dakota, Marekani, hewa na maji vilifanya hivyo polepole kwa makaa yaliyo karibu na uso wa ardhi, yakawa leonadaiti, makaa yenye asidi ya humiki kwa wingi. Kiwandani huchukua saa chache.

Nitriki hutoa oksidi za nitrojeni, gesi za sumu, na kiwanda kisichozinasa hakistahili kibali. Peroksaidi ni safi zaidi, lakini ni ghali.

Kinachonisumbua zaidi ni asilimia 22. Mwaka 2014 mtafiti Michael Rose na wenzake walijumlisha majaribio mengi, wakapata kwamba viambata vya humiki viliongeza uzito mkavu wa sehemu za juu za mimea kwa wastani huo, na mizizi kwa asilimia 21. Wauzaji wakaigeuza kuwa ahadi ya mavuno. Uzito mkavu wa mche si magunia ya mahindi, na matokeo yalibadilika kulingana na chanzo cha humiki, kiasi kilichotiwa na mazingira. Lakini kuitupa takwimu nzima ni kosa pia: mizizi iliyoongezeka kwa moja ya tano ni jambo kubwa kwa mmea.

Hekta yenye asilimia 1 ya kaboni katika sentimita 30 za juu ina karibu tani 40 za kaboni. Asidi ya humiki hutiwa kwa kilo, si kwa tani. Anayedai inarudisha mboji anadanganya; na anayeiogopa kama soko la kufufua migodi asahau, kwani kituo kimoja cha umeme huchoma mamilioni ya tani kwa mwaka.

Ningeunga mkono viwanda hivi kwa sharti moja: majaribio yao yawe na shamba la kulinganisha lililopewa potasiamu ileile, na nitrojeni ileile ambayo nitriki huiacha ndani ya molekuli. Bila hivyo, huenda tunaisifu humiki kwa kazi ya mbolea.